Nilimlilia kaka yangu stejini kwenye tamasha Bukoba, wakaukata msiba wangu wakaufanya tangazo la mapepo

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za muda huu.

Mimi humu ni msomaji. Nasoma, nacheka, nalala. Leo naandika, na ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe. Walioshuhudia wapo Bukoba hii hii na najua wengine wana ID humu. Ukiona nimeongeza neno, nisahihishe hapa hapa mbele za watu, sitakasirika.

Hasira zangu nimezihifadhia wengine.

Naanza na siku uvumilivu uliponiishia.

Ilikuwa Jumamosi, nafua uani. Tumepanga Hamugembe, nyumba ya wapangaji wengi, watoto kibao. Wanangu wawili, Alvin anaelekea miaka mitano, na mdogo wake wa kike ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Watoto walikuwa wanacheza tamasha. Mmoja kashika gunzi la mahindi, ndiyo maiki. Akapaza sauti kama MC kabisa:

"Bukobaaaa! Mpo tayari? Anakuja sasa, Mama Mapepooo!"

Alvin wangu akatokea nyuma ya simtanki. Mikono kichwani. Anapiga kelele, anayumba, akafika katikati ya uwanja akajitupa chini kwenye maji yangu ya kufulia, akaanza kurusha miguu.

Watoto wakavunjika mbavu. Mama Jeni, mpangaji mwenzangu, alikuwa anaanika nguo, naye akacheka. Aliponiona akajifanya anatafuta kibanio.

Nikasema, "Alvin, inuka."

Akainuka, tope mpaka kwenye nyusi, anatabasamu. Akaniambia, "Mama, umeniona? Mimi ndiye wewe."

Wakuu, sikumpiga. Mtoto hana kosa. Alikuwa ameliona tangazo kwenye simu ya Mama Jeni, akamwona mama yake yumo, akajisikia fahari.

Kile mwanangu alichokuwa anaigiza ni kilio nilichomlilia mjomba wake.

Nikaziacha nguo kwenye beseni. Hazikufuliwa siku ile.

Sasa nirudi nyuma ili tuelewane.

Nina kaka, nilikuwa naye. Anaitwa Respicius, sisi tulimwita Respi. Nilimfuata mimi, tumenyonya tukipokezana. Kwetu ni Ijumbi, wilaya ya Muleba, nyumba ya kawaida, kibanja cha migomba na kahawa, Misa kila Jumapili.

Respi alijifunza gitaa kwaya ya kigangoni. Lile gitaa lilikuwa limekatika waya mmoja, akafunga waya wa breki ya baiskeli. Mpaka leo sijui lilikuwa linatoaje sauti ya kueleweka, lakini lilitoa.

Baadaye akapata gitaa la umeme, limetumika, limetoka Uganda, pamoja na amplifaya yake ya kukwaruza. Akaanza kupiga rock.

Najua kuna mtu hapo kashaguna, "Rock? Bukoba?" Ndiyo. Rock, Bukoba. Simu haina mipaka, mtu anakaa Ijumbi anasikiliza anachotaka.

Tata, yaani baba yetu, alikuwa bado hai. Siku ya kwanza kusikia lile gitaa linakoroma alitoka nje na panga akidhani kuna mashine imeharibika. Akamwangalia Respi, akasema, "Mwanangu, wenzako wanapiga muziki, wewe unachomelea mageti."

Tulicheka siku nzima. Tata naye alitangulia, Mungu amrehemu.

Respi akahamia Bukoba mjini, akakutana na Rajabu, mpiga ngoma. Rajabu ni mtoto wa mjini hasa, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku huku, hakurudi. Akaongezeka Novatus wa besi. Mimi nikavutwa kuimba, maana nilikuwa naimba kwaya na sauti ninayo. Bendi ikaitwa Enkuba, kwa Kihaya ni radi.

Tulifanyia mazoezi stoo ya nyuma kwa kina Rajabu, zamani ilikuwa ya kuhifadhia kahawa. Tukaning'iniza magunia ukutani ili majirani wasitufukuze. Mama Rajabu alitupa sharti moja tu: "Pigeni mnavyotaka, lakini adhana ikiingia nisisikie hata kijiti."

Na ikiingia tulikuwa tunazima. Novatus alikuwa anatumia nafasi hiyo kula maandazi ya mama wa watu.

Wimbo wetu mkubwa aliutunga Respi. Ni kuhusu mwaka ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye kibanja chetu na Tata akaikata migomba yake mwenyewe, mmoja mmoja, huku anaiita majina. Nusu Kihaya nusu Kiswahili. Mwisho wa wimbo Respi alikuwa na kawaida yake. Analivua gitaa, analiegemeza kwenye amplifaya, analiacha. Gitaa la umeme ukiliweka karibu na spika yake linaanza kulia lenyewe, sauti inapanda, inapanda, hakuna mkono unaoligusa. Yeye anasimama pembeni anatazama.

Basi, likatangazwa tamasha kubwa Bukoba, uwanjani karibu na ziwa. Wasanii wakubwa kutoka Dar, wengine kutoka nchi jirani. Bendi za hapa zikaambiwa ziombe nafasi. Tukaomba. Tukapewa.

Tulipewa mchana, jua kali, watu ndiyo wanaingia. Sisi hatukujali. Respi alitangaza Ijumbi nzima. Mpaka padre alijua.

Hakufika.

Wiki chache kabla ya tamasha alikuwa anatoka nyumbani kuja mazoezini, amepanda bodaboda, gitaa mgongoni. Lori la mchanga likawagonga hapo Muleba. Dereva wa boda alivunjika mguu. Respi hakupelekwa hata hospitali, hapakuwa na cha kupeleka.

Gitaa lilikwaruzika tu. Nimewahi kulichukia lile gitaa kwa sababu hiyo.

Taarifa ilinikuta wodini. Nilikuwa nimeshikwa uchungu wa huyu wa kike. Walinificha mpaka nilipojifungua, halafu mume wangu, Baba Alvin, akakaa pembeni ya kitanda akashindwa kusema. Nikamwambia sema. Akasema.

(Samahani, mtoto ameamka. Narudi.)

Naendelea.

Respi alizikwa kwenye kibanja, pembeni ya Tata. Mimi sikuwepo. Nililia niende, Mae akakataa. Mae ni mama yetu. Kwetu mzazi aliyejifungua juzi hapelekwi kwenye orufu, kwenye msiba. Nikamwambia Mae huyu ni Respi, siyo jirani. Akanijibu kwa simu, sauti imemkauka:

"Ukienda kulia maziwa yakakatika, huyo mtoto nitamzika na nani? Nimechoka kuzika. Kaa ndani."

Nikakaa ndani.

Sasa naomba mnisikilize hapa, hasa ninyi wa mikoa mingine, maana bila hili hamtaelewa kilichotokea uwanjani.

Kwetu huendi msibani ukaingia kimya ukasalimia ukakaa. Unaanza kulia ukiwa njiani, kabla nyumba haijaonekana. Mikono kichwani. Unamwita marehemu kwa jina, unamwambia umekuja, unamuuliza mbona kaondoka bila kukuaga. Waliopo wakikusikia, mmoja anakujibu kwa kilio kutoka kule kule uani. Ukijibiwa ndiyo umepokelewa. Na aliyekuwa amesimama anakaa chini, kwenye majani, kwenye vumbi, popote. Anayelia hatazamwi kama mpira.

Mimi ile njia sikuwa nimepita. Nilinyonyesha, nilioga maji ya moto, nilikunywa uji, watu wakaja kuona mtoto na kunipa hongera. Kilio kikabaki hapa kifuani kama mfupa wa samaki.

Rajabu akaja kuniona. Akakaa kwenye stuli, anachezea kofia yake.

"Dada, tukijitoa wataweka mtu mwingine hiyo nafasi. Respi alikuwa anaisubiri kuliko harusi."

Nikasema, "Nani atapiga gitaa?"

"Hakuna. Tutaliegemeza pale kwenye amplifaya, kama mwisho wa wimbo. Lilie lenyewe. Wewe imba."

Tukakubaliana hivyo. Siku ya tamasha tulimfuata MC kabla hatujapanda. MC alikuwa mgeni, kaletwa. Tukamweleza taratibu kwamba mpiga gitaa wetu amefariki, tunaomba amtaje jina kabla hatujaanza. Nikamtamkia, Respicius. Akasema, "Poa poa dada, usijali, nimekupata."

Mama Rajabu alikuja na sisi, kajitanda baibui lake, kazi yake kushika mtoto. Zamu yetu haikuwa imefika, nikaenda naye mbali mwisho wa uwanja kwenye kivuli, kule kwa wauza samaki na ndizi za kuchoma, ninyonyeshe kwanza.

Nikiwa kule nikasikia tunatangazwa.

"Bendi ya hapa hapa nyumbani, Enkubaaa! Twende kazi!"

Jina la Respi hakulitaja.

Na kabla sijainuka, Rajabu akaliegemeza gitaa.

Wakuu, mimi nilikuwa nimejiandaa kuimba. Nilikuwa nimevaa gauni jeusi na buti za kuazima, nimesuka, nimejipaka. Sikuwa nimejiandaa kulisikia lile gitaa linaanza kulia kutoka mbali, mimi niko mwisho wa njia, yeye yuko kule mbele.

Mama Rajabu akanitazama. Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Nenda mwanangu, huyu yuko salama."

Nikampa. Mikono ilipobaki mitupu ikapanda kichwani yenyewe.

Nikaanza kulia nikiwa pale pale kwenye majiko ya samaki. Siyo kuimba. Kulia. "Respi! Respi waitu, Respi wetu! Mwana wa mae, nimekuja, walinizuia, nimekuja!" Nikawa natembea katikati ya watu kuelekea stejini, watu wananipisha.

Mwanzoni nilisikia vicheko. Vijana wakatoa simu.

Halafu nyuma yangu, kule kule nilikotoka, mama mmoja muuza samaki akaitikia. Simjui mpaka leo. Aliweka mwiko chini, akashika kichwa, akalia, "Waitu! Mpokeeni mwanangu! Mpokeeni!"

Nikajua nimefika.

Watu wakaanza kukaa. Kwanza wamama wauzaji. Halafu wababa. Halafu na wale vijana wa bodaboda, vijana wenye nywele za rangi, mabinti waliokuja na nguo zao mpya, wote chini kwenye nyasi. Mbele karibu na jukwaa na kwenye mahema ya wakubwa kuna waliobaki wamesimama na simu zao. Hao siwalaumu, wengine hawakuwa watu wa huku, hawakujua.

Nilipanda ngazi. Rajabu akaingia na ngoma polepole. Novatus analia huku anapiga besi, makamasi mpaka kwenye nyuzi. Nikaimba ule wimbo wa migomba ya Tata, na pale Tata anapoita migomba majina mimi nikaweka jina moja tu, nikalirudia mpaka sauti ikapasuka. Mwisho nikapiga magoti, nikaweka paji la uso kwenye mbao za jukwaa.

Gitaa bado linalia. Rajabu akaacha ngoma zake, akaenda kwenye amplifaya, akaipunguza kidogo kidogo kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kimya.

Uwanja ule wote, na spika zile zote, ukawa unasikia ziwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye msiba nani anapiga makofi?

MC akaona tumeharibu. Akaruka na maiki: "Ee bwana wee! Bukoba mbona mmepoa hivyo? Dada kapandisha mapepo huku, mchungaji yuko wapi? DJ, hebu tuamshe!"

DJ akaweka muziki. Watu wakabaki wamekaa. Muziki unapiga, watu wamekaa. MC akawa anauliza, "Vipi, mmechoka mapema?"

Tuliposhuka, watu walikuja nyuma ya jukwaa. Walijipanga mstari wenyewe bila kupangwa. "Pole dada." "Poleni sana." Kijana mmoja mwenye hereni alinishika mkono, akaondoka. Mzee mmoja akanipa kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, vile vile kama ambavyo angempa mgeni nyumbani kwake.

Mama Rajabu akaja na mtoto akaniwekea kifuani. "Haya, umeshalia. Nyonyesha sasa."

Na maziwa yalikuwepo, wakuu. Nilimpigia Mae nikamwambia, Mae, nimemlilia Respi. Uwanja mzima ulikaa chini. Akauliza, "Wote walikaa?" Nikasema, "Wengi, Mae. Hata wasiomjua." Akasema, "Basi mwanangu amezikwa vizuri."

Ingeishia hapo nisingekuwa na uzi.

Siku chache baadaye ikatoka klipu kwenye ukurasa wa lile tamasha. Fupi. Wamenichukua kuanzia nilipofika karibu na jukwaa, mikono kichwani, wakakata, nikapiga ukelele, wakakata, nikaanguka magoti. Gitaa wameliondoa, wameweka kicheko cha katuni. Juu wameandika MAPEPO YAPANDA JUKWAANI BUKOBA.

Hakuna mtu hata mmoja aliyekaa anayeonekana. Niko peke yangu, mwehu anaanguka.

Ikasambaa kuliko kitu chochote walichowahi kuweka.

Mimi nasuka nywele, nina kibanda karibu na stendi. Mteja anakaa kwenye kiti, ananitazama kwenye kioo, anauliza, "Samahani, siyo wewe yule wa mapepo?" Wengine walikuwa wanakuja wanachungulia tu, hawasuki. Wanawake wa jumuiya wakaja nyumbani na rozari kuniombea nifunguliwe. Nikawaambia nimefiwa. Mmoja akasema, "Ndiyo maana, shetani anaingilia hapo hapo." Nikawafungulia mlango wa kutokea.

Lakini la Mae ndilo lililoniua.

Mae hana simu kubwa. Kuna kijirani kule Ijumbi kikampelekea, kikamwonyesha. Akanipigia. Nilidhani atanigombeza kwa sababu ya aibu.

Akaniuliza, "Mbona uko peke yako humu?"

Nikasema, "Wamekata, Mae."

"Uliniambia watu walikaa."

"Walikaa, Mae."

"Wako wapi?"

Nilimwambia muulize Rajabu. Akasema sawa. Lakini ile sauti ya "sawa" naijua. Ni sauti ya mzazi anayedhani umemdanganya ili asiumie.

Tangu siku ile hajaniuliza tena habari za uwanja.

Nilianza kwa ustaarabu. Niliandika kwenye ukurasa wao kwamba huu ulikuwa msiba, naombeni mwondoe. Wakanibloku. Rajabu akaandika, naye wakambloku. Nikaenda ofisini kwao hapa mjini, ofisi yenye feni na kochi jekundu. Kijana wa pale akaniambia, "Dada, hiyo ni content tu. Umepata jina bure, wenzio wanatafuta."

Baba Alvin yuko Kimwani, analima huko, anakuja akipata nafasi. Akasema, "Achana nao Mama Alvin, watu watasahau." Nikajaribu. Karibu mwaka mzima nikajaribu kusahau.

Halafu likatoka tangazo la tamasha la mwaka huu. Na tangazo linafunguliwa na nani? Mimi. Naanguka. Sauti inasema, "Mwaka jana Mama Mapepo alipandisha, mwaka huu je?"

Hilo ndilo alilolishika Alvin.

Sasa turudi ile Jumamosi ya beseni. Niliingia ndani nikapiga namba iliyoko kwenye tangazo. Nilitaka kutukana, nasema ukweli. Akapokea mwanaume, mchangamfu kama nini. Nikajitambulisha.

"Ahaa! Dada, sisi ndio tulikuwa tunakutafuta wewe! Mwaka huu tunataka urudi."

Nikauliza, "Nirudi kufanya nini?"

"Ila usilete wimbo mrefu. Ufanye kile tu. Utoke huko nyuma kwa watu, unalia, unapanda, unaanguka. Watu wanakipenda kile."

"Kile kipi?"

"Kile cha mapepo."

Nikamuuliza, "Kaka, mama yako yuko hai?"

"Yupo, kwa nini?"

"Siku akiondoka nialike. Nitakuja na katuni ya kucheka."

Akashtuka. "Dada usichukulie serious, hii ni burudani bwana."

"Yule niliyekuwa namlilia ni kaka yangu. Tuliwaambia kabla. MC wenu nilimtamkia jina. Video nzima mnayo?"

"Ipo, lakini ile ndefu inaboa. Watu wamekaa tu."

Watu wamekaa tu.

Wakuu, hapo hasira zikageuka kitu kingine. Nilikaa kitandani nikalia kimya kimya, maana nimejua wanao. Wale watu wote ninaomwambia Mae walikaa, wamehifadhiwa kwenye kompyuta ya mtu anayeona wanaboa.

Nikampigia Baba Alvin. Safari hii hakusema niachane nao. Aliuliza, "Alvin alisema 'mimi ndiye wewe'?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nenda popote unapotaka kwenda."

Jumatatu nikafunga kibanda. Nikaandika malalamiko kwa mkono wangu, Rajabu akanichapia, nikapeleka kwa Afisa Utamaduni, nakala kwa waandaaji wenyewe. Dada wa mapokezi aliisoma yote amesimama. Akaniuliza taratibu, "Dada, hapa hujaandika unadai fidia kiasi gani. Umesahau?"

Nikamwambia sijasahau.

"Wengi wanadai."

"Dai langu lipo hapo chini, soma tena."

Akasoma tena. Akaipiga muhuri. Aliponirudishia nakala yangu akasema, "Mimi nilikuwepo. Nilikaa."

Nilimshika mkono nikatoka.

Nilichojifunza ni kwamba ustaarabu wangu wa mwaka mzima haukumsaidia mtu. Haukumsaidia Mae, umemfundisha mwanangu kumcheka mjomba wake bila kujua. Ukifanyiwa ubaya, sema mapema, andika, bakiza nakala. Na ninyi mnaosambaza klipu za watu wanaolia, kabla hujabonyeza jiulize nini kimekatwa.

Kama ulikuwepo uwanjani siku ile na ulikaa chini, andika hapa hata neno moja. Nitakwenda Ijumbi nimsomee Mae. Kama unayo video uliyoichukua ukiwa umekaa, nakuomba kwa heshima zote, nitafute. Wanaotaka kunikosoa nao waje, nipo.

Malalamiko yenyewe haya hapa, majina ya kampuni na langu nimeyaondoa ili mods wasiufunge uzi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTUMIWA KWA KILIO CHA MSIBA KAMA TANGAZO LA TAMASHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Hamugembe, mama wa watoto wawili, msusi. Mwaka jana nilipanda jukwaani na bendi ya Enkuba katika tamasha lililofanyika Bukoba. Mpiga gitaa wetu alikuwa amefariki na waandaaji walijulishwa kabla. Nilimlilia kwa desturi ya kwetu kwa sababu sikuruhusiwa kufika mazishini, nilikuwa mzazi. Wananchi walipokea kilio hicho kwa kukaa chini.

Waandaaji walikata picha hizo, wakawaondoa wananchi, wakaweka kicheko, na sasa wanazitumia kuita watu kwenye tamasha la mwaka huu. Niliomba ziondolewe, nikafungiwa. Nilipopiga simu niliombwa nirudi kuanguka tena.

Sikupandisha mapepo. Nilifiwa.

Sidai fidia. Naomba tangazo liondolewe. Naomba video irushwe nzima kwenye ukurasa ule ule, kuanzia gitaa linapoanza kulia mpaka linaponyamaza, na watu waliokaa waonekane, kwa sababu mama wa marehemu anataka kuwaona. Hata kama inaboa.

Naomba pia MC aseme sasa kile alichoahidi kusema siku ile. Waandaaji, jina la Mama Mapepo mlinipa wenyewe bila kuombwa. Jina moja tulilowaomba hamkulitaja.

Anaitwa Respicius.

Mimi mlalamikaji, dada yake.